Barua ya Wazi kwa Wasimamizi wa Makumbusho ya Sayansi na Teknolojia: Washeni Mashine

KWA: Mkurugenzi Mkuu na Wajumbe wa Bodi ya Wadhamini

YAH: MASHINE ZILIZOSIMAMA, KUONDOLEWA KWA WAELEKEZI NA MAELEZO YENYE MAKOSA

Ndugu Mkurugenzi Mkuu, Waheshimiwa Wajumbe wa Bodi,

Kwa heshima na taadhima, ninawaandikia hadharani jambo ambalo mimi na wageni wenzangu tumekwisha kuwaeleza kwa faragha. Tuliandika katika kitabu cha maoni kilichopo mlangoni, tukaiandikia ofisi ya huduma kwa wageni, kisha tukamwandikia mkuu wa idara ya maonyesho, na kila mara jibu lilikuwa moja: maoni yamepokelewa na yanafanyiwa kazi. Ningeweza kuendelea kusubiri kama kazi hiyo ingeonekana. Kinachoonekana ni kwamba vibao vilivyoandikwa "Kifaa hiki kiko kwenye matengenezo" vinazidi kuongezeka, na baadhi yake vimekaa hadi karatasi zimegeuka rangi.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Huleta wanafunzi katika makumbusho yenu, na siku nyingine huja peke yangu, kwa kuwa ukubwa wa jumba hilo haumruhusu mtu kulimaliza kwa ziara moja. Sina ugomvi na wahifadhi wenu wala na walinzi wa kumbi, ambao siku zote wamenipokea kwa adabu. Ugomvi wangu ni na maamuzi, na maamuzi hufanywa na ninyi. Lalamiko langu kwa ufupi ni hili: makumbusho yaliyojengwa ili watu waone jinsi vitu vinavyofanya kazi yamegeuzwa ghala la vitu vilivyoacha kufanya kazi. Nitaeleza hoja kwa hoja, nikianza na ile iliyo nzito kuliko zote.

1. Mashine zimesimama

Ukumbi wa nguvu na nishati ndio moyo wa jumba lenu, na ndimo ilimo injini kubwa ya mvuke ambayo picha yake mmeichapisha kwenye tiketi. Injini hiyo haizunguki. Pistoni imekwama katikati ya silinda, vali zimefungwa, na gurudumu lake zito limewekewa kabari ya mbao. Mgeni akiitazama huona chuma kingi kilichopakwa rangi nzuri, lakini haoni injini, kwa maana injini ya mvuke ni mfululizo wa matukio: mvuke unaingia upande mmoja wa pistoni, unaisukuma, vali inageuka, mvuke uliotumika unatoka na kupozwa, pistoni inarudi. Matukio hayo yakiondolewa, hata mwanafunzi mwenye akili kali hawezi kubuni kwa macho tu kwamba kile kisanduku cha pembeni, ambacho kinaonekana kama kiambatisho kisicho na maana, ndicho kilichobadilisha historia ya viwanda.

Nasema hivyo kwa sababu historia ya kisanduku hicho yenyewe ni historia ya kifaa cha maonyesho kilichoharibika. Chuo Kikuu cha Glasgow kilikuwa na mfano mdogo wa injini ya Thomas Newcomen, ambaye injini yake ya kwanza iliyofanikiwa ilianza kuvuta maji migodini mwaka 1712. Mfano huo haukuwa ukifanya kazi vizuri. Katika majira ya baridi ya 1763 hadi 1764 alipewa fundi wa vyombo vya kisayansi, James Watt, autengeneze. Alipouendesha na kuuendesha tena ndipo alipoona kwamba silinda ilikuwa ikimeza mvuke mwingi mno, kwa kuwa ilipozwa na kupashwa moto upya katika kila pigo moja. Mwaka 1765 akapata wazo la kuupoza mvuke katika chombo kingine kilichotengana na silinda, na mwaka 1769 akapewa hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi wake. Chombo hicho ndicho kile kisanduku cha pembeni. Chuo kingeweza kuuweka mfano ule kabatini na kuuandikia kibao kizuri. Kilichagua kumwita fundi.

Wala si injini hiyo pekee. Pendulamu ya Foucault, yaani tufe zito linalobembea kwenye waya mrefu huku mstari wa mwendo wake ukigeuka polepole kwa kuwa Dunia inazunguka, iliyokuwa ikiangusha vijiti vyake kimoja kimoja huku wageni wakihesabu, imefungwa kwa kamba ukutani na mahali pake pamewekwa meza za mgahawa. Mwanafizikia Mfaransa Léon Foucault alipoining'iniza ya kwake katika jengo la Panthéon mjini Paris mwaka 1851, kwa waya wa mita 67 na tufe la kilo 28, aliwaita watu waje kuiona Dunia ikizunguka. Hakuna kifaa kingine katika jumba lenu chenye uwezo huo: hakina injini ya siri wala hila, ni uzito na uzi, na bado kinamthibitishia mtu aliyesimama kimya kwamba sakafu iliyo chini ya miguu yake inazunguka. Najua kwamba upinzani wa hewa huipunguzia mwendo na kwamba inahitaji sumaku ya umeme pale juu ili kuisukuma kidogo katika kila pigo. Najua pia, kwa kuwa fundi wenu mmoja mstaafu aliniambia, kwamba kilichoharibika ni sumaku hiyo. Jumba lenye kumbi za umeme limeshindwa kutengeneza sumaku ya umeme.

2. Skrini zimechukua nafasi ya vitu

Palipoharibika kifaa, na hata pasipoharibika, mmeweka skrini ya kugusa. Naelewa kishawishi hicho. Skrini haina beringi za kulainishwa, haimwagi maji, na siku ya uzinduzi inapendeza kwenye picha. Wala sisemi kwamba skrini hazina mahali pake: mambo yaliyo madogo mno kama atomu, au makubwa na ya polepole mno kama mwendo wa makundi ya nyota, hayawezi kuletwa ukumbini kwa njia nyingine, na uigaji mzuri wa kompyuta huyafanya yaeleweke. Lakini ninyi mmeitumia skrini kuonyesha vitu ambavyo vilikuwa vinapatikana, vinagusika, na kwa bei nafuu.

Chukueni jenereta ya mkono iliyokuwa karibu na ngazi. Mtoto alikuwa akizungusha mkono wa chuma, balbu moja inawaka. Akibonyeza swichi kuwasha ya pili, mkono unakuwa mzito. Akiwasha ya tatu, analazimika kusimama vizuri na kutumia mwili mzima. Balbu moja ya zamani ya wati 60 hutosha kumtoa jasho mtu mzima, ilhali ya LED inayotoa mwanga karibu sawa na huo huhitaji wati 9 hivi, na tofauti hiyo iliingia mkononi mwa mgeni kabla hajaisoma popote. Pale ndipo nilipokuwa nikiwaleta wanafunzi wangu waliokariri kwamba nishati haiumbwi wala haiharibiwi. Wakizungusha wanakoma kukariri. Michael Faraday aligundua mwaka 1831 kwamba umeme huzalishwa pale tu sumaku na koili vinaposogeleana au kuachana, na kwamba kusimama tu hakuzalishi chochote. Uzito ule wa mkono ndio malipo ya umeme huo. Sasa hapo kuna skrini yenye picha ya mkono ukizunguka. Mgeni anausogeza kwa kidole kimoja, na balbu za picha zinawaka zote kwa wepisi ule ule. Skrini hiyo, kwa lugha isiyo na maficho, inafundisha uongo.

Hali ni hiyo hiyo kwa bomba la shaba. Ukidondosha kipande cha chuma cha kawaida ndani ya bomba hilo kinaanguka kama kitu chochote. Ukidondosha sumaku yenye ukubwa ule ule inashuka taratibu kana kwamba bomba limejaa asali, ingawa shaba haivutwi na sumaku, kwa sababu mwendo wa sumaku unaamsha mikondo ya umeme katika kuta za bomba nayo mikondo hiyo inaupinga mwendo ulioizaa. Nimewaona wazee wakirudia kudondosha sumaku ile mara nyingi kuliko watoto, kisha wakichungulia bombani kutafuta kamba. Kwenye skrini hakuna wa kuchungulia, kwa kuwa kila mtu anajua kwamba mchoraji wa picha anaweza kukifanya kitu chochote kishuke taratibu. Kinachoweza kuigizwa vyovyote hakimshangazi mtu, na asiyeshangaa haulizi swali.

3. Waelekezi wameondolewa

Zamani kila ukumbi mkubwa ulikuwa na mtu aliyeijua mashine, anayeiwasha kwa saa maalumu na kujibu maswali. Leo kuna kifaa cha sauti cha kukodi. Kifaa hicho hakijui kwamba aliyesimama mbele yake ni fundi wa treni mwenye swali la vali, au msichana wa darasa la nne anayetaka kujua kama injini ingeweza kulipuka.

Niwakumbushe mlikotoka. Conservatoire des arts et métiers ya Paris, taasisi ambayo makumbusho mengi ya aina yenu yanaihesabu kuwa mama yao, iliundwa mwaka 1794 kwa pendekezo la Henri Grégoire, na sheria iliyoiunda ilitamka kwamba humo kutaelezwa muundo na matumizi ya zana na mashine. Kueleza ndiko kulikokuwa kazi yenyewe, na watumishi wa kwanza walioajiriwa waliitwa waelekezi. Deutsches Museum ya Munich, iliyoasisiwa na mhandisi Oskar von Miller mwaka 1903 na kufungua jumba lake la kisiwani mwaka 1925, ilijengwa juu ya wazo kwamba mgeni atabonyeza, atazungusha na kuona mashine zilizopasuliwa zikionyesha matumbo yake. Mfanyabiashara Julius Rosenwald alipotoka kuizuru aliamua kwamba Chicago nayo ipate makumbusho ya namna hiyo, na tangu yalipofunguliwa mwaka 1933 wageni wamekuwa wakishuka kwenye mgodi wake wa mfano wa makaa ya mawe wakiwa na mtu wa kuwaeleza. Frank Oppenheimer, mwanafizikia, alipofungua Exploratorium mjini San Francisco mwaka 1969, aliajiri vijana wa sekondari kuwa wafafanuzi, si kwa sababu wanajua kila kitu, bali kwa sababu kijana anayejifunza hamtishi mgeni asiyejua.

Hao wote walimweka mbele mtu anayeeleza. Kwenu amekuwa wa kuondolewa.

4. Maelezo yenye makosa

Hoja hii inaniuma kwa namna ya pekee, kwa sababu wanafunzi wangu huamini kibao cha makumbusho kuliko wanavyomwamini mwalimu wao, na kwa kawaida wako sahihi kufanya hivyo.

Kibao cha pendulamu, ambacho mmekiacha ukutani ingawa pendulamu yenyewe imefungwa, kinasema kwamba mstari wa mwendo wake hukamilisha mzunguko kwa saa 24. Hiyo ni kweli kwenye ncha za dunia tu. Kadiri unavyokaribia ikweta mzunguko unachukua muda mrefu zaidi: kwenye latitudo ya nyuzi 30 unachukua takribani saa 48, Paris karibu saa 32, na juu ya ikweta yenyewe haugeuki kabisa. Mnaweza kuona wenyewe kwamba jambo zuri kuliko yote kuhusu kifaa hicho, yaani kwamba kinaweza kukuambia uko umbali gani kutoka ikweta bila kutazama nje, limeuawa na sentensi moja ya uvivu.

Katika ukumbi wa usafiri wa anga kibao kinaeleza kwamba ndege hupaa kwa sababu hewa inayopita juu ya bawa ina safari ndefu kuliko ya chini, hivyo hulazimika kukimbia ili zikutane nyuma kwa wakati mmoja. Hakuna sheria yoyote ya asili inayozitaka hewa hizo mbili zikutane, na vipimo vinaonyesha kwamba ya juu hufika mapema kuliko ya chini. Bawa huibeba ndege kwa kuielekeza hewa chini, na shinikizo la juu ya bawa huwa dogo kuliko la chini yake. Kama maelezo ya kibao chenu yangekuwa kweli, ndege za maonyesho zisingeweza kuruka zikiwa zimegeuzwa juu chini, na zinaruka. Nililiandikia idara husika jambo hili pamoja na mchoro. Nilijibiwa kwamba maelezo hayo "yamerahisishwa kwa ajili ya umma". Kurahisisha ni kuacha sehemu ya ukweli. Kusema kisichokuwepo ni jambo lingine, na umma unastahili kuheshimiwa zaidi ya hapo.

Na kile kibao cha injini kinachosema kwamba Watt ndiye aliyevumbua injini ya mvuke, kimetundikwa hatua chache tu kutoka kwa mchoro wa injini ya Newcomen yenye tarehe ya zaidi ya miaka 20 kabla Watt hajazaliwa. Inaelekea aliyekitundika hakutembea hatua hizo.

5. Giza, maandishi madogo na uchovu

Kumbi zenu zimetiwa giza kama za sinema. Najua kwamba karatasi, nguo na rangi za kale huharibiwa na mwanga, kwamba madhara hayo hujilimbikiza na hayarudi nyuma, na kwamba ndiyo maana wahifadhi huzipa mwanga hafifu wa laksi 50 hivi. Sina neno kwa ramani na daftari za wanasayansi. Lakini chuma na shaba nyeupe havidhuriki na mwanga wa taa, na sioni sababu ya kiuhifadhi ya kuitia kichwa cha treni gizani huku maelezo yake yameandikwa kwa herufi za kijivu juu ya bamba jeusi, kwenye kimo ambacho aliyeketi katika kiti cha magurudumu hakioni na mzee hakisomi. Mnamo 1916 Benjamin Ives Gilman wa makumbusho ya sanaa ya Boston alichapisha picha za mtu akijikunja na kuchuchumaa ili asome maelezo ya makumbusho, akiwa anachunguza chanzo cha uchovu wa wageni. Mabenchi yaliyokuwa katika kumbi zenu za ghorofa ya kwanza yameondolewa ili kutoa nafasi ya sherehe za jioni. Yarudisheni.

6. Bei ya tiketi

Tiketi hulipwa kamili hata siku ambazo kumbi kadhaa zimefungwa, na mgeni huambiwa hivyo akiwa amekwisha kuingia. Hili halihitaji maelezo marefu: mwuzaji yeyote mwaminifu hutaja kasoro ya bidhaa kabla ya kupokea fedha.

Najua majibu mtakayotoa, kwa kuwa baadhi nimekwisha kupewa, na ni haki niyapime.

Mtasema kwamba mashine ni urithi, kwamba kuziendesha kunazila, na kwamba wajibu wenu wa kwanza ni kuzihifadhi. Hoja hii ni nzito na siifanyii mzaha. Mwaka 2010 waya ulikatika kwenye makumbusho ya Arts et Métiers mjini Paris, na tufe la pendulamu la enzi za Foucault likaanguka na kuharibika vibaya. Lakini somo lake ni kwamba kitu halisi kisicho na mbadala kikae salama, na nakala ifanye kazi. Pendulamu haipungukiwi chochote ikiwa na tufe jipya. Injini ya mvuke inaweza kuzungushwa polepole kwa mota ya umeme au kwa hewa iliyoshindiliwa, bila boila wala joto, dakika chache kwa siku. Science Museum ya London ilikwenda mbali zaidi: mwanahisabati wa karne ya 19, Charles Babbage, alikufa akiacha michoro ya mashine yake ya pili ya kukokotoa ambayo haikuwahi kujengwa, nao wakaijenga kutokana na michoro hiyo, wakamaliza sehemu ya kukokotoa mwaka 1991, miaka 200 tangu azaliwe, na sehemu ya kuchapa mwaka 2002. Ina vipande takribani 8,000 na uzito wa tani 5, na inazungushwa kwa mkono. Lengo la kazi yote hiyo lilikuwa kujibu swali moja ambalo mchoro ndani ya kioo usingelijibu kamwe: je, ingefanya kazi? Ilifanya. Ikiwa wengine wameweza kujenga mashine ambayo haikuwahi kuwepo, ninyi mnaweza kuitia mafuta iliyopo.

Mtasema hakuna fedha. Ningelipokea jibu hili kwa utulivu zaidi kama nisingeona ukumbi mpya wa maonyesho ya muda ukizinduliwa kila msimu. Tatizo, kwa maoni yangu, ni kwamba wafadhili hupenda vitu vipya vyenye jina lao mlangoni, na hakuna anayeomba jina lake liandikwe kwenye kopo la grisi. Hapo ndipo bodi inapohitajika, kwani kazi ya bodi ni kumwambia mfadhili kile ambacho mkurugenzi anaona haya kukisema. Skrini nazo si za bure: programu zake hupitwa na wakati, vipuri vyake huacha kutengenezwa, na nyingi ya zile mlizoweka kuchukua nafasi ya vifaa vilivyoharibika sasa zenyewe ni nyeusi na zina kibao kile kile cha matengenezo. Tazameni pia Ontario Science Centre ya Toronto, iliyofunguliwa mwaka 1969 na kuwa miongoni mwa za kwanza duniani kuwaacha wageni washike vitu: ilifungwa na serikali Juni 2024 baada ya ripoti ya wahandisi kuhusu vipande vya paa vilivyokuwa hatarini kushindwa kubeba theluji. Matengenezo yanayoahirishwa hayafutiki kwenye vitabu; deni lake hulipwa siku moja, kwa mkupuo.

Mtasema ni usalama. Makumbusho ya sayansi ya Boston yana jenereta ya Van de Graaff, mashine ya kuzalisha umeme wa volti nyingi mno, iliyojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1930, nayo hutoa radi ndani ya ukumbi uliojaa watoto huku mwendeshaji akiwa ameketi ndani ya tundu la chuma, kwa kuwa umeme hupita nje ya tundu hilo wala haumgusi. Hatari iliyoeleweka na kuzungushiwa uzio ndilo somo lenyewe. Kifaa kilichofungwa kwa sababu hakuna aliyetaka kukikagua hakijawa salama, kimekuwa hakifai tu.

Na mtasema kwamba wageni wa siku hizi wanapenda skrini. Nawaomba mshuke kumbini Jumamosi moja bila kujitambulisha, msimame karibu na kifaa chochote cha mkono ambacho bado kinafanya kazi, kisha mtazame foleni iko wapi.

Kwa hiyo, Ndugu Mkurugenzi Mkuu na Waheshimiwa Wajumbe, ninaomba mambo haya, na ninayaomba kwa maandishi na kwa tarehe:

(a) Itangazwe orodha ya vifaa vyote visivyofanya kazi, ikionyesha kila kimoja kilisimama lini, kimeharibika nini, nani anawajibika nacho na kinatarajiwa kurudi lini. Kile ambacho hakitarudi kisemwe wazi, na kibao cha matengenezo kiondolewe.

(b) Ifunguliwe upya karakana ya makumbusho, na ikiwezekana iwe na dirisha ambalo wageni wataweza kuwatazama mafundi wakifanya kazi, kama ilivyo Exploratorium. Kila mradi mpya wa maonyesho utengewe, kabla ya kuidhinishwa, fungu la matengenezo la miaka yote ambayo utakuwa wazi.

(c) Injini kubwa ya mvuke izungushwe kila siku kwa saa inayojulikana, kwa njia yoyote ambayo wahifadhi wataikubali. Pendulamu ifunguliwe kamba, na meza za mgahawa zitafutiwe mahali pengine.

(d) Waelekezi warudi katika kumbi zote kubwa. Mafundi na wahandisi wastaafu wapo, na wengi wao wangefurahi kuitwa. Wanafunzi wa vyuo nao wapo. Lakini wajitoleaji wasiwe kisingizio cha kutoajiri hata mmoja.

(e) Vibao vyote vikaguliwe na watu wanaozijua fani husika, na mgeni anayeripoti kosa ajibiwe ndani ya siku 30 kwa kukubaliwa au kwa kuelezwa sababu. Vitatu nilivyovitaja vinaweza kurekebishwa wiki hii.

(f) Jenereta ya mkono na bomba la shaba virudishwe mahali pake. Vyote viwili viko bohari, navyo vilikuwa vikifanya kazi siku vilipoondolewa.

(g) Kumbi zilizofungwa zitangazwe kwenye dirisha la tiketi kabla ya malipo, na bei ipunguzwe ipasavyo.

Sitaki kikao cha faragha kuhusu haya, kwa kuwa vikao vya faragha vimekwisha kufanyika. Ninaomba jibu lililo wazi kama ilivyo barua hii, libandikwe mlangoni mahali ambapo kila anayelipa kiingilio ataliona, hoja kwa hoja, likianza na hoja ya kwanza. Walimu wenzangu wawili, ambao kila mmoja amewahi kuendesha karakana ya shule, wako tayari kuitazama ile sumaku ya pendulamu bila malipo siku yoyote mtakayotuita. Tutakuja na vifaa vyetu.

Wenu kwa heshima,

Mwalimu wa fizikia na mgeni wenu wa muda mrefu